Koa: mti wa kusoma historia yake kabla hujanunua mbegu

Kwanza tuelewane: koa ninayeizungumzia hapa si yule konokono asiye na gamba anayekumalizia mchicha. Ni mti, Acacia koa, jamaa wa migunga yetu, na kwao ni Hawaii tu. Mbao zake nyekundu zenye mng'ao wa dhahabu huwavutia watu wengi, na mtu akishaziona, wazo la kupanda mmoja uani haliko mbali. Kuuotesha si kazi ngumu: mbegu ina ganda gumu, unaimwagia maji ya moto, unailaza usiku kucha, kisha unaipanda. Shida inakuja baada ya hapo.

Linganisha koa na mgunga wa Serengeti. Mgunga una miiba kwa sababu umekulia pamoja na twiga na tembo. Koa hauna hata mwiba mmoja. Hawaii haikuwa na mamalia wakubwa wala majani, sasa ujilinde dhidi ya nani? Kwa karne nyingi wenyeji waliukata kwa ajili ya mitumbwi, gogo zima kuwa chombo kimoja, na kwa lugha yao neno koa lina maana pia ya shujaa wa vita.

Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimpelekea mfalme Kamehameha ng'ombe. Mfalme akaweka mwiko: wasiuawe. Mwiko huo ulidumu hadi 1830. Unaweza kukisia kilichotokea. Ng'ombe walizaana, wakaingia msituni, wakala miche. Miti mikubwa ilibaki imesimama, lakini haikuwa na warithi.

Halafu mwaka 1879 meli ilileta Wareno kutoka Madeira, wakiwa na kigitaa chao cha nyuzi nne. Mafundi wakaanza kukitengeneza kwa koa, na ndiyo ukulele tunayoijua leo.

Je, koa unaweza kuishi nje ya kwao? Kumbe ulishahama zamani, bila msaada wa mtu. Katika kisiwa cha Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi, kuna mti unaoitwa Acacia heterophylla. Mwaka 2014 watafiti waliolinganisha vinasaba walionyesha kuwa mti huo umetokana na koa, kiasi cha miaka milioni 1.4 iliyopita. Ni zaidi ya kilomita 16,000! Wanaoshukiwa kubeba mbegu ni ndege wa baharini.

Kwa hiyo umbali peke yake si kizuizi. Lakini kuota ni jambo moja, kudumu ni jingine. Hata Hawaii kwenyewe, koa iliyopandwa nyanda za chini mara nyingi hufa kwa mnyauko unaosababishwa na kuvu wa udongoni, Fusarium oxysporum. Kama unalima migomba huenda unamfahamu: aina nyingine ya kuvu huyohuyo ndiyo inayonyausha ndizi. Baridi kali ya barafu nayo koa haiiwezi.

Na ikitokea mti wa kigeni ukapenda mno bustani yako? Jibu liko pembeni mwa barabara zetu. Mlusina, uliotoka Mexico na maeneo jirani, ulisambazwa duniani kama lishe ya mifugo na kuni. Leo ni magugu sugu sehemu nyingi, Hawaii ikiwemo. Unajua kule wanauitaje? Koa haole, yaani "koa wa kigeni".

Sisemi usipende koa. Nasema kwamba historia hii ina safari mbili zilizofanywa na watu kwa nia njema, ng'ombe na mlusina, na zote mbili msitu ndio uliolipa. Swali la kwanza la mkulima wa bustani kwa kawaida ni "utaota?" Mimi naomba uanze na hili: usipokufa, utaishia wapi? Kama huna jibu, mgunga wa kwenu unakusubiri, miiba yake na yote.