Fainali ya mabao sita: siku Sopu alipoitetemesha Yanga Arusha

Mazungumzo ya soka Arusha siku hizi yanaanzia Olmoti na kuishia Olmoti. Uwanja mpya unaojengwa huko kwa ajili ya AFCON ya 2027, mashindano ambayo Tanzania itayaandaa pamoja na Kenya na Uganda, umewapa watu wa jiji hili jambo la kujivunia. Ukikaa kijiweni Sokon I, kata iliyo kusini mwa jiji, utasikia vijana wakibishana ni taifa gani litaletwa kucheza chini ya Mlima Meru. Ni furaha halali na wala siipingi.

Ila katika shangwe hii yote, uwanja wa zamani wa Sheikh Amri Abeid, ule ulio katikati ya mji, unatajwa kama nyumba ya marehemu inayongoja kugawanywa. Wengine hata jina lake hawalijui vizuri, wanaliunganisha na la Rais wa kwanza wa Zanzibar na kuuita Amri Abeid Karume. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa mtu mwingine kabisa: mzaliwa wa Ujiji, mshairi aliyeandika kanuni za utungaji wa mashairi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere hadi alipofariki mwaka 1964. Uwanja wenye jina la mtu wa namna hiyo ulistahili kuwa na kumbukumbu zilizotunzwa. Na kumbukumbu zipo. Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Jumamosi ya Julai 2, 2022, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya Yanga na Coastal Union.

Kombe lenyewe lina historia ya kukatikakatika. Wazee wanalikumbuka kama Kombe la FAT, au Kombe la Nyerere. Mwaka 2002 lilichukuliwa na JKT Ruvu, kisha likazimika, na kwa zaidi ya miaka 10 nchi nzima ikabaki na ligi tu. Lilifufuliwa msimu wa 2015/16 kwa udhamini wa Azam, Yanga wakawa wa kwanza kulibeba kwa kuifunga Azam FC 3-1. Simba wakafuata mwaka 2017 kwa kuwapiga Mbao FC 2-1 Dodoma katika dakika za nyongeza.

Hapo TFF wakafanya jambo jema ambalo halisifiwi vya kutosha: wakaanza kuizungusha fainali mikoani. Lindi ikaipata mwaka 2019, Sumbawanga mwaka 2020, Kigoma mwaka 2021. Watu waliozoea kuzisikia fainali redioni wakaziona kwa macho yao.

Arusha ilipata zamu yake mapema, Juni 2018. Mtibwa Sugar na Singida United wakaja Sheikh Amri Abeid, na Mtibwa wakashinda 3-2. Lakini ushindi ule ukafufua deni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wakata Miwa hao wa Turiani walishindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na Santos, CAF ikawaadhibu kwa kifungo na faini. Sasa wamebeba kombe linalotoa tiketi ya Afrika, na watu wakaanza kuuliza: kifungo kimeisha? Faini imelipwa? Mabishano yalichukua muda kabla ya klabu kuruhusiwa kushiriki. Ikawatoa Northern Dynamo ya Shelisheli, kisha ikatolewa na KCCA ya Uganda. Jambo hilo lilionyesha uzito wa kombe lenyewe. Fainali moja inaweza kuamua nani apande ndege na nani abaki nyumbani, na miaka minne baadaye Arusha ilishuhudia hilo kwa namna ya kuumiza zaidi.

Msimu wa 2021/22 ulikuwa wa Yanga. Walianza Septemba 2021 kwa kuifunga Simba 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, bao la Fiston Mayele, na chini ya kocha Nasreddine Nabi wakamaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja: ushindi mara 22, sare mara 8. Simba waliokuwa wametawala kwa misimu minne mfululizo wakavuliwa taji.

Kwenye Kombe la Shirikisho, hata hivyo, Yanga walipita kwa shida. Robo fainali walikutana na Geita Gold, wageni wa Ligi Kuu, wakatoka sare ya 1-1 na kusalimika kwa matuta. Nusu fainali wakaenda Kirumba, Mwanza, kukutana na Simba waliokuwa wanalishikilia kombe kwa miaka miwili. Feisal Salum, Fei Toto, akaachia shuti la mbali kipindi cha kwanza, mpira ukaingia, na bao hilo likatosha.

Upande wa pili kulikuwa na Coastal Union ya Tanga. Wagosi wa Kaya ni watu wa heshima ya zamani. Walikuwa mabingwa wa ligi mwaka 1988, na tangu hapo wamepanda na kushuka, wamekaa miaka mingi bila kugusa taji kubwa. Kocha wao alikuwa Juma Mgunda, mwana wa nyumbani aliyeichezea klabu hiyo enzi za ujana wake. Nusu fainali yao walicheza Arusha, kwenye uwanja uleule, dhidi ya Azam FC yenye fedha na wachezaji wa kigeni. Ikawa sare tasa, na Coastal wakapita kwa matuta. Kwa hiyo waliporudi Arusha Julai, tayari uwanja ulikuwa umewapa bahati mara moja.

Kutoka Tanga hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400: Korogwe, Same, Mwanga, Moshi, ndipo uione Meru. Hata hivyo Coastal hawakuhitaji kusafirisha mashabiki wote. Desturi ya soka letu inajulikana: Yanga wanapocheza, kila shabiki wa Simba ni ndugu wa upande wa pili. Na Arusha ina mashabiki wa Simba wa kutosha. Mitaa kama Sokon I imegawanyika nyumba kwa nyumba kati ya timu hizo mbili za Kariakoo.

Walioingia uwanjani wakitarajia Yanga wachukue mapema kombe lao la tatu la msimu walishtuka mapema. Abdul Suleiman, kijana ambaye wote wanamwita Sopu, akaipatia Coastal bao la kuongoza. Timu iliyomaliza ligi bila kupoteza ikaenda mapumziko ikiwa nyuma.

Kipindi cha pili Yanga wakaamka. Fei Toto akasawazisha. Mchezo ukakaza, na zikiwa zimebaki dakika chache Heritier Makambo, Mkongomani aliyekuwa amerudi Jangwani, yaliko makao ya Yanga, akafunga la pili. Kwa hesabu za kawaida hapo mechi imekwisha. Timu kubwa iko mbele 2-1, muda unayoyoma, wenzao wamechoka kukimbiza mpira. Kila mpenzi wa timu ndogo nchini ameshaiona picha hiyo mara nyingi na anajua jinsi inavyoishia.

Sopu hakukubali. Kabla ya filimbi ya dakika 90 akaurudisha mpira wavuni: 2-2. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, na huko akafunga tena. Mabao matatu ya mchezaji mmoja, katika fainali, dhidi ya ukuta ambao ligi nzima ilishindwa kuuangusha. Katika fainali zote zilizochezwa tangu kombe lifufuliwe mpaka ile ya 2025, hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Bado ninaamini kwamba ndiyo kazi kubwa zaidi ya mchezaji mmoja iliyowahi kufanyika katika uwanja ule, na naitaja kwa sauti kubwa kwa sababu matokeo yaliyofuata yameizika.

Coastal wakawa mbele 3-2. Walihitaji kushikilia dakika chache tu. Lakini Denis Nkane, kijana wa Yanga, akasawazisha katika kipindi cha pili cha nyongeza. Dakika 120, mabao sita, 3-3. Kwenye matuta miguu ya Wagosi ikawa mizito. Waliokuwa wameishinda Azam kwa njia hiyohiyo mwezi mmoja kabla walifunga penalti moja tu. Yanga wakafunga nne. Kombe likaenda Jangwani, na Wananchi wakakamilisha msimu wa mataji matatu ya nyumbani.

Magazeti ya kesho yake yaliandika habari ya Yanga, na ni haki yao. Msimu ule haukuwa na mfano. Ila wapenzi wa Coastal wanaisimulia mechi ileile kwa namna nyingine, na simulizi yao ina kitu ambacho ya washindi haina. Yanga tayari walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Taji hili kwao lilikuwa heshima juu ya heshima. Kwa Coastal lilikuwa mlango. Wangelibeba wangeingia Kombe la Shirikisho Afrika msimu uliofuata. Kwa kuwa Yanga walishinda, nafasi hiyo ikashuka kwenye msimamo wa ligi na kumwangukia aliyemaliza wa nne, naye ni Geita Gold.

Geita Gold haohao waliotolewa na Yanga kwa matuta kwenye robo fainali, sasa wamepelekwa Afrika na matuta ya Yanga. Timu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu msimu uleule, ikiwa na George Mpole aliyemaliza kinara wa mabao kwa mabao 17, moja zaidi ya Mayele, ikapata safari ya kimataifa kwa sababu ya mikwaju iliyopigwa Arusha na watu wengine. Watu wa Geita walikuwa na kila sababu ya kuiombea Yanga siku ile, na watu wa Tanga wana kila sababu ya kutosahau. Geita walikwenda, wakatolewa raundi ya mwanzo na Hilal Alsahil ya Sudan.

Coastal wenyewe wakabomolewa, kama timu zetu za mikoani zinavyobomolewa kila zinapofanya vizuri. Sopu akachukuliwa na Azam FC wiki chache baada ya fainali. Mgunda akaitwa Simba Septemba ileile kushika timu. Hakuna aliyekosea: mchezaji anatafuta riziki, kocha anatafuta daraja la juu. Lakini inasikitisha kwamba klabu ya mkoa haipewi hata msimu mmoja kufurahia watu wake. Mwaka mmoja baadaye Fei Toto naye, baada ya mvutano mrefu na Yanga, akaenda Azam. Hivyo mfungaji wa kwanza wa Coastal na mfungaji wa kwanza wa Yanga katika fainali ya Arusha wakavaa jezi moja.

Wagosi hatimaye walifika Afrika kwa njia ya ligi: walimaliza nafasi ya nne msimu wa 2023/24, wakacheza na Bravos do Maquis ya Angola na kutolewa. Msimu huohuo Geita Gold na Mtibwa Sugar walishuka daraja pamoja. Singida United waliofungwa Arusha mwaka 2018 walikuwa wameshashuka mwaka 2020, pamoja na Mbao na Lipuli, ambao nao walifika fainali ya kombe hili.

Jambo linaloniuma kama mtu wa Arusha ni kwamba katika hadithi hii yote sisi tumekuwa wenyeji wa karamu ya watu wengine. Fainali mbili, timu nne, na hakuna hata moja ya mkoa wetu. AFC Arusha ilicheza ligi ya juu miaka ya 2000 ikashuka. JKT Oljoro ikapanda mwaka 2011 na kushuka mwaka 2014. Tangu hapo jiji linalopokea watalii wa dunia nzima limekuwa likisubiri Simba na Yanga waletwe kama wageni wa heshima. Tunajenga uwanja wa maelfu ya viti, na hilo ni jema, ila mtoto wa Sokon I anayecheza kwenye uwanja wa vumbi wa shule hana timu ya Ligi Kuu ya kuitamani ndani ya mkoa wake. Fedha kidogo mno ya ule ujenzi ingetosha kulea timu ya vijana na kuutunza uwanja wa Sheikh Amri Abeid uendelee kuwa wa kuchezea.

Fainali zilizofuata zimekwenda kwingine. Mwaka 2023 ilikuwa Mkwakwani, Tanga, kwao Coastal, na Yanga wakaifunga Azam 1-0 kwa bao la Kennedy Musonda. Mwaka 2024 na 2025 zikavuka bahari hadi New Amaan, Zanzibar, kombe likiwa na jina la benki ya CRDB, na Yanga wakazichukua zote mbili: ya kwanza kwa matuta 6-5 dhidi ya Azam, ya pili kwa mabao 2-0 dhidi ya Singida Black Stars. Hakuna kati ya hizo iliyofikia mabao sita ya Arusha.