Sauti Mbali, Kinywa Mbali: Tarehe ya Kipaza Sauti Korogwe

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902; na tangu hapo mji ule wa kando ya mto Pangani, ambao sehemu yake ya kale hata leo huitwa Old Korogwe, ukawa kituo cha kushushia vitu vya ng'ambo kabla havijapanda milimani kwa Wasambaa au kuelekea Handeni kwa Wazigua. Nguo zilikuja kwa njia hiyo, na majembe, na mafuta ya taa, na vitabu vya misheni. Walakini naona kwamba katika bidhaa zote zilizopita pale hapana zilizogeuza jioni za watu wa bonde lile kama vyombo vya sauti, kwa kuwa nguo humsitiri mtu na kumwacha alivyo, ilhali chombo cha sauti huchukua kinywa cha mtu na kukiweka mahali asipokuwapo mwenyewe. Yeyote anayetaka leo kununua maiki na spika za kuimbia nyumbani kwake anaingia katika jambo lenye umri wa karibu miaka mia, naye atachagua kwa busara zaidi akijua limepita njia gani.

Zamani sauti haikuwa na msaidizi ila kifua. Manju aliyeongoza ngoma ya selo katika kijiji cha Uzigua, au ya mdumange upande wa Usambara, alisimama mbele ya ngoma zilizoota moto mpaka ngozi zikakaza, naye alipaswa kuzipenya kwa koo lake pekee, kwa muda mrefu, bila kupoteza maneno. Sauti nyembamba, hata ikiwa tamu kama nini, haikupewa mahali pale; mwenye nayo aliimbia jikoni, na kisimani, na mtoto alipokataa kulala. Lakini desturi ile ilikuwa na fadhila moja ambayo nataka msomaji aishike, maana nitairejea: manju alitoa, wengine wakaitikia, na uwanja haukuwa na nafasi ya mtu aliyekuja kusikiliza tu.

Mkonge uliongeza wingi wa ngoma hizo. Katika mimea elfu moja aliyoiagiza Dk. Richard Hindorf kutoka Florida, iliyosalimika hata kufika Tanga mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Na kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa toka pwani mpaka pande zote za Korogwe. Mashamba yakaita watu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuwaajiri na kuwasafirisha manamba kutoka nchi za mbali, hata wimbo wa Mnyamwezi ukasikiwa jirani na wa Mmakonde.

Ndipo santuri ikaja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya HMV. Na ni fahari ya mkoa wetu kwamba aliyeandika wasifu wa mwanamke yule, Shaaban Robert, alikuwa mzaliwa wa Tanga. Bahati ya Siti ilikuwa njema kwa wakati. Miaka michache tu nyuma mwimbaji aliimba ndani ya bomba, akikaza sauti ili mshindo wake uwe na nguvu za kutikisa sindano iliyochora mifereji katika nta, na ala laini zilipotea njiani. Lakini toka mwaka 1925 ilianza njia ya umeme, bomba likaondolewa mbele ya mwimbaji, na mahali pake ikawekwa maikrofoni, jina ambalo David Edward Hughes alikuwa amelieneza mwaka 1878 kwa chombo chake kidogo cha makaa. Maikrofoni haikudai nguvu, ilidai ukaribu. Pumzi, kikohozi kidogo, jinsi ulimi unavyolishika neno kabla ya kuliachia, vyote viliingia.

Sahani ya santuri ya wakati ule ilikuwa nyeusi na nzito, ilivunjika ikianguka, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wake ulimeza dakika tatu au zaidi kidogo, basi. Kinanda cha santuri hakikuhitaji umeme, kwani kamani yake ilikazwa kwa mpini, na kwa hiyo kiliweza kukaa katika nyumba ya udongo iliyo mbali na reli sawasawa na katika duka la mjini. Sindano yake ya chuma iliharibika upesi, na mwenye kuipenda sahani yake aliibadilisha kila alipoipiga. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea bila kelele: waitikiaji walinyamaza. Sahani ilikuwa na manju wake na waitikiaji wake ndani, haikumngoja mtu, wala haikurudia ubeti kwa kuwa wasikilizaji wameupenda. Watu wakajifunza kukaa kimya mbele ya wimbo. Na wale walioshindwa kukaa kimya wakazihifadhi nyimbo neno kwa neno, wakaimba chini chini pamoja na sahani, mwenye sahani asikasirike.

Sasa nitakaa kidogo Vugiri, kwani ni karibu, na watu wengi wa huku hawajui kwamba jina la mlima wao limo katika tarehe ya sinema ya Afrika. Mwaka 1935 ilifunguliwa Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, kazi iliyoitwa Jaribio la Sinema ya Kuelimisha Wabantu, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari na kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Viongozi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na hata ilipofungwa mwaka 1937 ilikuwa imetengeneza filamu 35, juu ya kodi, juu ya benki ya akiba ya posta, juu ya safura na malaria ya watoto, juu ya udongo unaochukuliwa na mvua, wachezaji wake wakiwa Waafrika. Gari lilibeba mashine za kuonyeshea picha na spika zake, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Jinsi walivyotatua shida ya lugha ndiyo inayonishika. Picha ilipigwa bubu, na sauti ikatiwa mbali katika sahani za santuri. Filamu ileile ikapewa sahani ya Kiswahili kwa watu hawa na sahani ya lugha nyingine kwa watu wale. Kazi ya namna hiyo ilihitaji mkono mwepesi, maana sindano isipowekwa mahali pake hasa, au filamu ikikatika na kuungwa tena ikiwa fupi, midomo na maneno huachana, na mzee kwenye picha hufunga kinywa huku hotuba yake ikiendelea. Sikubaliani na nia yote ya kazi ile, kwa sababu iliwaleta watu uwanjani usiku ili waambiwe, na haikuweka maikrofoni upande wao ili nao waseme. Hata hivyo kwa ufundi wake ilithibitisha jambo ambalo leo twalichukua kuwa la kawaida, kwamba sauti na mwili vyaweza kutenganishwa, na pengo linalobaki likajazwa na kinywa chochote.

Umeme ulitoka katika mto Pangani wenyewe. Mitambo ya Maporomoko ya Pangani ilianza mwaka 1936, na haja yake kubwa ilikuwa viwanda vya mkonge kuliko taa za raia. Mwaka 1964 kikafuata kituo cha Hale, ndani ya wilaya ya Korogwe, chenye uwezo wa megawati 21. Baina ya miaka hiyo miwili redio iliingia nyumbani, hasa baada ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza mwaka 1951, nayo ikaendeleza ile kazi ya santuri ya kuwafanya watu wasikilizaji.

Tanga yenyewe ndiyo iliyoonyesha maikrofoni yaweza kumfanyia nini mwimbaji aliye hai. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa za umeme katika taarabu, na juu ya gitaa hizo akasimama Shakila Saidi, mtoto wa Pangani, kwa sauti isiyogombana na chombo chochote. Nyimbo za vikundi hivyo zilisafiri mbali. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya na kuzitoa upya. Mtu akimsikiliza Shakila kwa makini atatambua kwamba haimbi kumshinda mpiga gitaa. Anaongea na mtu mmoja aliye karibu, na kipaza sauti kinalipeleka neno lile la faragha kwa ukumbi mzima. Katika zama za kifua pekee sauti kama ile ingebaki kisimani. Hii kwangu ndiyo hidaya kubwa ya chombo hiki, wala sijutii kilichopotea kwa ajili yake.

Neno karaoke lenyewe ni la Kijapani, na maana yake ni okestra tupu. Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa mji wa Kobe, aliunda mashine yake mwaka 1971, ikiwa na muziki usio na mwimbaji, maikrofoni na mahali pa kutia sarafu, wala hakujiandikishia haki ya uvumbuzi. Alilofanya lilikuwa kinyume cha santuri: sahani ilimnyang'anya msikilizaji kinywa, mashine ya Inoue ikamrudishia. Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni, ambayo ilianza mwaka 1994 tu, na kwa hiyo desturi hii ilipofika ilikuta watu walio na kaseti, kisha sabufa, kisha simu yenye biti ya kila wimbo.

Basi anunue nini mtu wa Old Korogwe mwenye sebule ya futi chache na jirani aliye ukuta kwa ukuta? Nasema bila kusita: maiki ya dainamiki, yenye waya. Ndani yake mna utando mwepesi ulioshikamana na koili ya waya iliyo katikati ya sumaku. Sauti hutikisa utando, koili hucheza katika sumaku, na umeme mdogo huzaliwa papo hapo bila betri. Ni ufundi wa miaka ya 1930, na maiki maarufu ya aina hiyo, SM58 ya kampuni ya Shure, imetengenezwa tangu mwaka 1966 bila kugeuka sana, kwa kuwa huvumilia joto, vumbi, mate na kuangushwa. Maiki ya kondensa ni sikivu zaidi, lakini usikivu huo ni balaa katika sebule, maana husikia feni, jogoo na pikipiki, na aghalabu hutaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Zile zisizo na waya zinafaa kwa mwenye fedha za kununua nzuri. Rahisi zake hukatika katikati ya neno. Na asiunganishe maiki wala spika kwa Bluetooth kwa ajili ya kuimba, kwani sauti huchelewa njiani, mwimbaji akajisikia nyuma ya kinywa chake, na tukarudi kwenye shida ya sindano ya Vugiri.

Maiki nyingi za kuimbia husikia kwa umbo la moyo: mbele sana, ubavuni kidogo, nyuma karibu si kitu. Kwa hiyo spika ziwekwe mbele ya mwimbaji zikimpa kisogo, hivi kwamba mgongo wa maiki ndio uelekee spika. Na mkono usikifunike kichwa cha maiki, kama wafanyavyo vijana wakiiga wasanii, maana kukifunika hulivunja lile umbo la moyo, na mluzi unaokera masikio huanza. Wati zilizoandikwa juu ya boksi la sabufa zisimshughulishe mtu sana. Aangalie kama ina tundu la maiki lenye kitasa chake peke yake, kando na cha muziki, na aijaribu dukani kwa wimbo anaoujua, akisikiliza maneno kuliko besi. Stabilaiza ni ya lazima pale umeme unapopanda na kushuka. Pazia zito, mkeka ukutani, hata kanga mbili zilizotandazwa, hupunguza mwangwi wa kuta za saruji bora kuliko kitasa chochote.

Bei ya maiki moja ya jina kubwa yaweza kununua mbili za wastani zilizo imara, na mimi nachagua mbili. Wimbo wa nchi hii haukuumbwa kwa mtu mmoja. Taarabu ina kiitikio, selo ina waitikiaji, kwaya ya kanisani ina safu nne. Moja na ikae mkononi mwa yule anayeimba ubeti, apate kuimba polepole kama atakavyo. Ya pili ipewe waya mrefu, mita kumi ikiwezekana, upite chini ya mlango mpaka barazani, walikokaa wale ambao wangali wanayakumbuka maneno ya zamani.