Uko mutoto wa nani? Historia fupi ya picha za watoto wetu

Kwetu Kivu, mtu mzima akikuta njiani mtoto asiyemjua, mara nyingi haulizi jina lake kwanza. Anauliza: "Uko mutoto wa nani?" Mtoto anataja baba au mama, anataja mtaa, na hapo mkubwa anajua amsalimie nani, na kama kuna utundu ampelekee nani mashitaka. Naanza na swali hili kwa sababu wageni wamepiga picha watoto wa Kongo kwa miaka zaidi ya mia moja, na wachache sana wameliuliza.

Mwaka 2014 nilikuwa Kibati, njia ya Rutshuru, chini ya Nyiragongo. Wakati ule watalii walikuwa wanapanda mlima kutazama moto. Mtoto mmoja wa miaka sita hivi alikuwa anasukuma chikudu kubwa kumpita yeye mwenyewe, miguu mitupu, kaputula imepasuka. Muzungu akashuka kwenye gari, akapiga magoti, akampiga picha nyingi mbio mbio. Watoto wengine wakaja na kelele zao: "Muzungu, biskwi!" Mama wa mtoto akatoka nyumbani anapangusa mikono. Hakugomba. Akamwambia dereva: "Papa, mumwambie angojee kidogo." Akaingia na mtoto, akamwogesha, akamvalisha shati jeupe la misa na viatu, akamsimamisha mbele ya mlango. Ilichukua karibu nusu saa. Muzungu akapiga picha moja, akashukuru kwa adabu. Lakini sisi wote tuliona kwamba ile hakuitaka.

Wengi husema mama zetu wanakataa picha kwa kuogopa kuibiwa roho. Mimi sikubali. Mgeni akiingia nyumba nyingi za Bukavu ao Goma, anapewa albamu ya picha mikononi hata mbele ya chai. Mtoto wa ubatizo, mtoto wa komunyo ya kwanza, mtoto na cheti cha shule: wote wamepakwa mafuta, wamenyooka. Picha hizo mama mwenyewe aliziomba na akazilipa. Kule Kinshasa, Jean Depara alijulikana tangu miaka ya 1950 kwa kupiga watu vile walivyotaka kuonekana. Kwa hiyo aparei haikututisha. Tunauliza tu nani ameita picha, na inakwenda wapi.

Turudi nyuma, Baringa, tarehe 14 Mei 1904. Mwanaume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misioni na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa mtoto wake Boali, binti wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ABIR. Alice Seeley Harris, misionari Mwingereza, alimwomba akae barazani, akampiga picha akitazama vile vilivyobaki vya mtoto wake. Alipiga pia picha Mola na Yoka, vijana walioharibiwa mikono. Picha hizo zilionyeshwa ukutani kwa taa katika kumbi za Uingereza na Marekani, na Mark Twain, katika kitabu chake cha 1905, alimfanya Leopold alalamike kwamba kodak ndiye shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Mwaka 1908 mfalme alilazimika kuiachia Ubelgiji Kongo yake.

Siwezi kusema picha zile zilikuwa mbaya. Bila shaka ziliokoa watu. Na tuangalie jambo moja: Nsala ana jina, Boali ana jina, kijiji kinajulikana. Ile picha ilijibu swali letu. Hata hivyo, taa ilipowaka London, Nsala hakuwepo kusema lolote.

Baadaye majina yalipungua. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefika Léopoldville 1924, aliuza kadi za posta chini ya kichwa "Afrika inayotoweka". Ni picha nzuri, sibishi. Lakini chini ya nyingi utasoma kabila tu, Mangbetu ao lingine, kama vile mtu akiisha kuwa Mangbetu hana tena mama. Na mwaka 1958, kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, walijenga hata kijiji cha Wakongo, familia nzima nyuma ya uzio, na watazamaji wakiwatupia ndizi. Wakongo wale walichoka, wakarudi nyumbani mbele ya maonyesho kwisha. Hiyo ilikuwa miaka miwili tu kabla ya uhuru!

Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yaliandika kanuni juu ya picha, kisha kuona namna njaa ya Ethiopia ilivyoonyeshwa. Miaka mitano baadaye, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kikafuata, na dunia nzima ikatazama watoto wanakufa juu ya mawe ya volkano, bila majina.

Lakini kulikuwa picha nyingine, ambazo hazisemwi sana. UNICEF na Msalaba Mwekundu walipiga picha watoto waliopotea, uso mmoja mmoja, kila mtoto na namba yake, wakazitundika kambini kwenye mbao ili wazazi wapite na kutafuta. Kuna waliopata watoto wao hivyo. Ilikuwa aparei ile ile, lakini mara hii ilibeba swali: huyu ni mtoto wa nani?

Yule mama wa Kibati aliomba atumiwe nakala ya picha ya shati jeupe. Muzungu aliandika namba ya simu ya dereva. Mwaka mmoja baadaye nilipita tena, nikauliza. Hakuna kilichofika. Mama alicheka, akaniambia mtoto yuko shuleni, mwaka wa kwanza. Kisha akaniuliza, kwa sababu mimi nimesoma: "Ile ingine, ya kaputula yenye kupasuka, kule kwao wameandika nini chini yake?"