Kabla ya Pampers: Nani Alisema Mtoto Ndiye Mkaidi?

Wasee, leo naandika kuhusu mkojo. Usicheke. Mwezi huu nimepanguza mwingi kuliko wewe.

Dada yangu anafanya kazi ya shifti, na mimi bado niko tu kwa nyumba, kwa hivyo mchana ndio namlea mwanawe. Nitamwita Bosi, maana ndiye anaamua kila kitu hapa. Bosi ana miaka miwili na miezi minane, na hataki poti. Anaikalia dakika ishirini akiniangalia machoni, kisha anaamka, anaenda nyuma ya kochi na kukojoa hapo.

Mambo yalikazana nilipopata kazi inayoanza mwezi ujao. Kituo cha kulea watoto tulichokuwa tumepata kilisema hakichukui mtoto wa umri wake akiwa bado na nepi. Nikaanza kumharakisha. Siku moja nikachoka, nikamchapa. Baada ya hapo Bosi hakwenda haja kubwa siku nne. Anajikaza, anakunja miguu, analia. Manze, niliogopa. Kwa zahanati tukaelezwa kwamba mtoto akiogopa huzuia choo, choo kinakuwa kigumu, kinamuumiza, na yeye anazidi kuzuia. Yaani mimi ndiye nilikuwa nimeianzisha.

Usiku huo sikulala. Nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua hii vita ya poti ilianza lini.

Poti yenyewe ni ya kitambo. Kwa jumba la makumbusho la Agora pale Athens kuna poti ya udongo ya karibu miaka 2,600 iliyopita. Ni kama kiti kirefu chenye tundu la kupitisha miguu mbele. Mtoto akishawekwa ndani, kutoroka si rahisi. Kwa hivyo hata Wagiriki wa kale walikuwa na akina Bosi wao.

Lakini kilichonishtua si poti, ni umri. Mwaka wa 1914, idara ya serikali ya Marekani inayohusika na watoto ilichapisha kijitabu cha malezi kinachoitwa Infant Care. Kiliwaambia akina mama kwamba mtoto anaweza kuanza kufundishwa poti akiwa na miezi mitatu, hata mapema zaidi. Miezi mitatu! Sababu ilikuwa wazi: nepi zilikuwa za kitambaa, na mtu alihitaji kuzimaliza haraka kwa sababu kila moja ilikuwa inafuliwa. Kijitabu hichohicho kilisema ifanywe kwa upole, kwamba kumgombeza na kumwadhibu mtoto kunamtisha tu, na kicheko kinamsaidia kulegeza misuli. Hiyo ni 1914. Mimi nilimchapa mtoto zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Si wote waliushika huo upole. Kufikia miaka ya 1930, ushauri mwingi wa kule ulikuwa wa ratiba kali, mtoto afuate saa kama askari. Ndipo wengine wakaanza kupinga. Mwaka wa 1946 daktari Benjamin Spock akatoa kitabu chake maarufu cha malezi, akiwaambia wazazi wapunguze presha.

Kisha miaka miwili ikabadilisha kila kitu. Mwaka wa 1961 kampuni ya Procter & Gamble ilipeleka Pampers sokoni kwa majaribio katika mji wa Peoria, Illinois. Mwaka wa 1962 daktari wa watoto wa Boston, T. Berry Brazelton, akachapisha utafiti wa watoto 1,170 aliowahudumia. Hoja yake ilikuwa kwamba usimfundishe mtoto mpaka aonyeshe yuko tayari. Mzazi aanze polepole kwenye miezi 18 hivi, na mtoto akikataa, aache kwanza. Watoto wake walimaliza kujifunza mchana wakiwa na wastani wa miezi 28 na nusu.

Brazelton hakuwa mjinga, na sisemi alinunuliwa. Alikuwa amewaona watoto waliolazimishwa wakaishia kuzuia choo, kama Bosi wangu. Lakini wazo la kungoja na nepi ya kutupa zilifaana kabisa. Ukingoja, unanunua. Na mwaka wa 1998 daktari huyohuyo alionekana kwenye tangazo la Pampers za saizi 6, za watoto wakubwa. Ukitaka kujua kwa nini dukani kuna nepi za mtoto anayeweza kukueleza kwamba ameloa, anzia hapo.

Sasa turudi nyumbani, maana hii sehemu ndiyo ilinimaliza.

Mwaka wa 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries. Hawakuufanyia Boston. Waliufanyia Pwani yetu, kwa Wadigo. Walikuta akina mama wakianza kumfundisha mtoto akiwa na wiki mbili au tatu tu. Mama anakaa chini nje ya nyumba, ananyoosha miguu, anamweka mtoto katikati ya miguu yake, kisha anatoa sauti ya “shuu”. Anafanya hivyo mara nyingi, mchana na usiku. Mtoto akikojoa, ananyonyeshwa au anakumbatiwa. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto alitarajiwa kuwa mkavu mchana na usiku.

Mtoto wa miezi sita, wasee. Na mimi nilikuwa nafikiri hii elimu iko kwa video za wazungu peke yake.

Nilimpigia nyanya simu nimwambie. Sisi si Wadigo, tunatoka bara, lakini hata hakushangaa. Aliniuliza tu, “Kwani nani amekaa na huyo mtoto?” Nikasema mimi. Akaniuliza tena, “Umekaa naye, au uko kwa simu?”

Nilinyamaza.

Kwa sababu ukweli ni huo. Mama wa Kidigo hakuwa na ujanja wa siri. Alikuwa na mtoto mwilini siku nzima, akijua anavyojinyonga kabla ya kukojoa. Hapa kwetu dada yangu anatoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku. Choo cha ploti ni shimo moja lenye giza mwisho wa korido. Nepi tunanunua moja moja kwa duka la chini. Mbinu ya Kwale haiwezi kuingia hapa kama programu unayopakua kwa simu, tena kwa mtoto aliyekwisha kujua kusema “sitaki”.

Lakini historia imenipa jambo moja. Umri “sahihi” umekuwa ukihama kulingana na nani anafua, nani anauza na nani amekaa na mtoto. Bosi hakuchagua lolote kati ya hayo. Tulianza kumfundisha wakati alikuwa tayari amejua kukataa, tukampa mwezi mmoja, halafu tukamwita mkaidi.

Kwa hivyo nilirudisha nepi. Nikampa maji na papai, choo kikalainika. Poti nikaiweka kando ya kiti changu, simu nikaiweka mbali. Akianza kujinyonga nafanya “shuu” na tunacheka. Wiki ya pili alikojoa kwa poti akapiga makofi mwenyewe. Jana alikojoa nyuma ya kochi tena. Nikapanguza, maisha yakaendelea.

Kituo bado kimekataa, na kazi inaanza baada ya siku tisa. Jirani amekubali kukaa naye asubuhi, mengine tutaona. Sijui kama yatatosha. Ninachojua ni kwamba sitamchapa tena ili niwahi kazi.

Na wewe, kabla hujamcheka mtoto wa mtu, muulize mama yako uliacha nepi ukiwa na umri gani. Kisha muulize nani alikuwa amekaa na wewe.