Washirazi: mifupa inasemaje?

Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba mji ule ulianzishwa na watu waliotoka Shirazi, Uajemi. Wakoloni waliipenda sana hadithi hii, maana iliwaruhusu kudai kwamba Mwafrika hakujenga misikiti ya mawe. Baada ya uhuru wanahistoria wengi wakasema aa, huo ni ukoo wa kujipachika, watu walitaka sifa tu.

Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa, waliozikwa kati ya 1250 na 1800. Mmoja wa viongozi wake ni mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. DNA ya mitokondria unaipata kwa mama peke yake. Kromosomu Y baba humpa mwanawe wa kiume. Ukizisoma zote mbili unapata historia mbili. Upande wa mama, karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba, wengi wanaelekea Uajemi. Kuna na chembe ya Uhindi. Kwa hiyo wazee hawakutunga, ila walisimulia nusu: bibi zao hawamo.

Walichanganyika lini? Vipande vya DNA vya wageni hukatikakatika kila kizazi, vikawa vifupi zaidi. Pima urefu wake, hesabu vizazi kurudi nyuma, unafika mnamo mwaka 1000. Lakini kule Shanga, visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba akakuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8! Yaani mji ulikuwepo, na Uislamu ulikuwepo, kabla ya ndoa hizo kushika kasi. Waajemi walioa katika miji ya watu. Na watoto wakazungumza lugha ya mama, ndiyo maana Kiswahili ni Kibantu hadi leo. Damu ya Kiarabu inaongezeka baadaye, baada ya 1500 hivi.

Tahadhari moja, na kwangu ni kubwa: mengi ya makaburi yaliyochimbwa ni ya wenye nacho, waliozikwa karibu na misikiti. Wavuvi, wakulima na watumwa hawakujengewa makaburi ya mawe, na joto la pwani huila DNA upesi, hata ile iliyojificha kwenye mfupa mgumu wa ndani ya sikio.