Nani aliiona kwanza dira ya bakteria?



Vitabu vingi vya sayansi vinasema bakteria wenye sumaku mwilini waligunduliwa mwaka 1975 na Mmarekani Richard Blakemore. Wakati ule alikuwa bado mwanafunzi, anachungulia kwenye hadubini tope la Woods Hole, Massachusetts. Akaona bakteria wanakimbilia upande mmoja tu wa kioo. Akawasogezea sumaku, wakageuka! Jarida la Science likaitoa habari hiyo, na jina lake likakaa.

Kumbe miaka 12 nyuma, mwaka 1963, Salvatore Bellini wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, alishawaona bakteria wa maji baridi wakiogelea kuelekea kaskazini, akaandika kuwa wana dira ndani yao. Lakini aliandika kwa Kitaliani, na karatasi zake hazikufika mbali. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja kuchapwa mwaka 2009. Piga hesabu mwenyewe: miaka 46.

Sisemi kuwa Blakemore aliiba. Aliona kwa macho yake, tena akaenda mbele. Hadubini ya elektroni ilionyesha chembe zenye chuma, zimejipanga mstari kama shanga uzini. Mwaka 1979 yeye na wenzake, akiwemo Richard Frankel, walithibitisha kuwa ni magnetaiti, madini yale yale ya jiwe la sumaku, na bakteria anayatengeneza mwenyewe. Chembe moja ni kiasi cha nanomita 35 hadi 120 tu.

Faida yake nini? Kaskazini mwa dunia, mistari ya sumaku ya dunia inainama kuelekea ardhini. Basi bakteria akifuata kaskazini anashuka topeni, mbali na oksijeni nyingi inayomdhuru. Mwaka 1980 wakaelezwa wa New Zealand na Tasmania: wao wanafuata kusini, na wao pia wanashuka.

Sasa, nani alimrudishia Bellini haki yake? Ni huyo huyo Frankel, mwenzake Blakemore, aliyeandika mwaka 2009 kueleza nani alitangulia. Huo ndio uungwana wa elimu.

Na sisi je? Kosa halikuwa Kitaliani. Kosa ni maandishi kufungiwa mahali pasipo msomaji. Wangapi kati yetu tuna karatasi za wazee wetu sandukuni, na hatujamwonyesha mtu?