Haki za mwanafunzi katika shule za serikali, na njia ya kushitaki ubaguzi



Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mama mmoja wa kanisa letu alitujia akimshika mtoto wake mkono. Mtoto huyo anatembea kwa fimbo. Shuleni waliwaambia: « Hapa hatuna nafasi ya watoto wa namna hii. » Shule hiyo ni ya Waprotestanti. Mama akatuuliza: « Ikiwa ni kanisa linalomfukuza, nitashitaki wapi? » Tunamjibu hapa, pamoja na wote wenye swali kama lake.

Shule zetu ni za serikali pia

Wengi wanafikiri kwamba shule ya kanisa ni mali ya kanisa, na mchungaji anaweza kuchagua watoto anaowataka. Sivyo. Mwaka 1974 serikali ilitwaa shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano nayo, makanisa yakarudishiwa uongozi wa shule hizo. Lakini zinabaki shule za serikali, zenye programu ya serikali na diploma ya serikali. Basi sheria inayofunga shule nyingine za serikali inatufunga sisi pia.

Sheria inasema nini

- Katiba ya 2006, kifungu cha 43: masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Neno hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2019.
- Kifungu cha 45: kila mtu anapokelewa shuleni bila ubaguzi wa mahali alipotoka, rangi, dini, jinsia, mawazo ya siasa, wala hali ya mwili au akili.
- Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika elimu kwa ajili ya kabila, jamaa au hali yake ya maisha. Tena, tangu sheria ya tarehe 7 Juni 1966, ukabila ni kosa linaloadhibiwa.
- Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto. Mwaka 2022 zilitoka sheria mbili nyingine: moja ya watu wenye ulemavu, nyingine ya wenyeji Wapigme.

Lakini tuelewane: mtoto aliyepewa alama ndogo kwa kazi mbaya, au aliyeadhibiwa kwa kosa lake, hajabaguliwa. Ubaguzi ni kumnyima mtoto haki yake kwa sababu ya vile alivyo au pale alipotoka.

Njia ya kushitaki

1. Andika mara moja: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, na majina ya walioona. Tunza buletini na barua zote.
2. Mwone kwanza direkta au prefe wa shule. Makosa mengine yanaishia hapo.
3. Asiposikia, peleka neno kwa komite ya wazazi.
4. Kisha andika barua kwa koordinasio ya shule za Waprotestanti, na nakala kwa ofisi ya serikali ya elimu mahali penu. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa.
5. Wasipojibu, panda kwa wakubwa wa elimu wa jimbo. Unaweza pia kufikia Komisio ya Taifa ya Haki za Binadamu (CNDH), au tribinali ya watoto.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani ruhusa ya kuandikia serikali ombi lake, peke yake au pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu kwa miezi 3, na hakuna ruhusa ya kumshitaki mtu kwa sababu aliandika. Kwa hiyo mtoto asitishwe, wala asinyimwe alama, kwa kuwa mzazi wake alisema.

Jambo moja halifuati ngazi hizi. Mwalimu akimtaka msichana kimwili ili ampe alama, nenda moja kwa moja kwa polisi au parke. Hilo ni kosa la jinai. Halimalizwi kwa mbuzi kati ya jamaa mbili, wala kwa maombi katika ofisi ya mchungaji.

Kwa sisi tunaoongoza

Ndugu wachungaji na wakubwa wa shule, mara nyingine tunanyamazisha wazazi ili jina la kanisa lisichafuke. Lakini linalochafua jina la kanisa ni mtoto kurudishwa mlangoni. Mzazi akileta barua, tuipokee, tupige muhuri, tumjibu.

Mama yule aliandika ukurasa mmoja tu. Leo mtoto wake anasoma katika shule ile ile, na dawati lake liko karibu na mlango, ili fimbo isimsumbue akiingia.